Asiyekuwepo na Lake Lipo

Tarehe 17 Oktoba 2020, katika uwanja wa Goodison Park mjini Liverpool, mchezo kati ya Everton na Liverpool ulikuwa haujatimiza hata robo saa pale beki mrefu wa Kiholanzi, Virgil van Dijk, alipotoka nje akichechemea. Kipa wa Everton, Jordan Pickford, alikuwa amemtokea miguuni ndani ya eneo la hatari, na goti la kulia likaumia. Viti vya uwanja vilikuwa vitupu kwa sababu ya maradhi ya Korona, kwa hiyo hapakuwa na mguno wa umati wala makofi ya kumsindikiza. Aliingia Joe Gomez, mpira ukaendelea, na mechi ikaisha kwa sare ya 2–2. Mtu aliyewasha televisheni dakika ya ishirini angeitazama mechi hadi mwisho asijue kwamba kuna jambo kubwa limetokea.

Jambo lilikuwa limetokea. Kano ya goti ilikuwa imekatika, na van Dijk hakugusa tena mpira wa mashindano mpaka msimu ukaisha. Katika misimu miwili iliyotangulia, 2018/19 na 2019/20, hakukosa hata mechi moja kati ya 76 za Ligi Kuu ya England. Ndani ya misimu hiyo Liverpool ilikusanya alama 97, kisha 99, na ule wa pili ikatwaa ubingwa iliokuwa ikiungoja kwa miaka 30. Msimu wa jeraha ilimaliza na alama 69. Tofauti ya alama 30 ni kubwa mno kuandikwa kwa jina la mtu mmoja, na mwenye haki hataiandika hivyo. Lakini si rahisi pia kuisimulia bila kuanzia kwenye goti hilo.

Waswahili wana methali isemayo kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Husemwa penye mgao na penye baraza: aliyechelewa karamu hawekewi nyama, na asiyefika kikaoni hasikilizwi. Ni methali ya wenye njaa na ya wenye haraka, na mara nyingi ni ya kweli. Hata hivyo wapo watu ambao methali hiyo haiwatoshi, kwa sababu lao huanza kuonekana siku ile wasipokuwepo. Beki wa kati mzoefu ni mmoja wao. Akiwepo, kazi yake ni kuzuia mambo yasitokee, na jambo lisilotokea halina picha wala mtangazaji wa kulipigia kelele. Akiondoka, yale aliyokuwa akiyazuia hujitokeza moja baada ya jingine, kila moja likiwa kama shahidi aliyechelewa kufika mahakamani.

Kiswahili cha viwanjani kimelitambua hilo zamani. Neno beki ni la kutoholewa, lakini waandishi wa michezo wa Tanzania hawakuridhika nalo wakaongeza yao: beki hodari wa kati humwita kitasa, na mara nyingine kisiki. Yote mawili ni majina ya vitu vinavyokaa mahali pamoja, navyo havitajwi mpaka kuwe na shida. Hakuna mgeni aliyeingia nyumbani kwa mtu akakisifu kitasa cha mlango. Kisiki nacho hujulikana na yule aliyejikwaa. Lugha haikumpa beki jina la ndege wala la umeme, majina ambayo huwaangukia washambuliaji. Ilimpa jina la kitu kinachobaki.

Kuna matumizi mengine ya neno hilo, ya mitaani zaidi, ambayo watu wazima huyatamka wakicheka. Msaidizi wa kazi za nyumbani, yule binti aliyeletwa kutoka kijijini kuosha vyombo na kulea watoto, huitwa beki tatu. Ni mzaha, na ndani yake mna dharau kidogo. Lakini mzaha huo umeona kitu ambacho heshima haikukiona: kwamba wengine wanaweza kutoka asubuhi kwenda kushambulia dunia kwa sababu yupo mtu nyuma. Nyumba ambayo beki tatu wake ameondoka ghafla hujua kabla ya saa nne asubuhi alikuwa akifanya nini. Baba hajui chumvi inakaa wapi, na mtoto hajapelekwa shule. Hata mama, ambaye ni mhasibu hodari wa benki, leo hajafika kazini. Aliyeondoka ni mlinzi, na aliyeshindwa kufunga bao siku hiyo ni mshambuliaji.

Hapo ndipo hesabu za Liverpool zinapopata maana. Msimu wa ubingwa timu ilifungwa mabao 33 katika ligi, na msimu wa jeraha ilifungwa 42. Nyongeza ni mabao tisa, pungufu ya bao moja kwa kila mechi nne. Aliyetazama safu hiyo peke yake angesema kwamba pengo lilikuwapo lakini halikuwa la kutisha. Sasa itazamwe safu ya pili. Mabao ya kufunga yalikuwa 85 mwaka wa ubingwa, na mwaka wa jeraha yakawa 68. Yamepungua 17. Timu iliyompoteza beki ilipata hasara kubwa zaidi upande wa mbele kuliko upande wa nyuma, karibu mara mbili. Kitasa kilivunjika mlangoni, na njaa ikaonekana jikoni.

Sababu zake zinaelezeka. Kwanza ni suala la mahali pa kusimama. Beki mwenye kasi na mwenye jicho la kusoma mchezo huiwezesha safu yake ya ulinzi kusogea juu, karibu na mstari wa kati, akijua kwamba mpira ukipigwa nyuma yake atauwahi au atamwacha mshambuliaji katika kuotea. Safu ikisogea, uwanja unafupika. Viungo wanapata mpira karibu na lango la wapinzani, na mawinga hawana haja ya kukimbia mita 60 kila mara. Akikosekana, wenzake wana njia mbili tu. Warudi nyuma na kuurefusha uwanja, au wabaki juu wakiwa na hofu. Njia zote mbili humchosha yule aliye mbele.

Pili ni pasi. Van Dijk alikuwa na desturi ya kupiga mpira mrefu wa mshazari kutoka nyuma kushoto hadi kwa Mohamed Salah upande wa kulia, pasi moja inayowavuka wapinzani nusu nzima. Mwanzo wa shambulio ulikuwa mguuni mwa mlinzi. Tatu ni kona: katika msimu wa ubingwa alifunga mabao matano ya ligi. Na nne ni sauti. Mwaka ule wa viwanja vitupu, watazamaji wa televisheni walisikia kwa mara ya kwanza jinsi mpira unavyochezwa kwa mdomo: toka, rudi, mtu nyuma yako, niachie mimi. Beki mzoefu ndiye anayeutazama uwanja wote ukiwa mbele yake, na mwenye kuona ndiye mwenye wajibu wa kusema. Miguu ya vijana inaweza kukopwa. Sauti hiyo hujengwa kwa miaka ya makosa, na hakuna soko la kuinunua mwezi wa Januari.

Lakini haifai kumgeuza mtu hirizi. Tarehe 4 Oktoba 2020, siku kumi na tatu kabla ya jeraha, Liverpool ilifungwa 7–2 na Aston Villa, na van Dijk alikuwa uwanjani tangu mwanzo hadi mwisho. Kuwepo kwake hakukuwa kinga ya kila balaa. Na baada ya kuondoka kwake, timu haikuanguka kesho yake. Ilishinda 5–0 ugenini kwa Atalanta mwezi wa Novemba, na tarehe 19 Desemba ikaifunga Crystal Palace 7–0 kwao London. Sikukuu ya Krismasi iliikuta ikiongoza ligi. Wapo waliosema wakati huo kwamba mambo yamekwisha kupoa na pengo limezibika.

Hivyo ndivyo kutokuwepo kunavyofanya kazi, na hili linafahamika vizuri na yeyote aliyewahi kuishi katika nyumba iliyofiwa. Siku za mwanzo si ngumu kama zinavyodhaniwa. Jamaa wamejaa, vyungu viko motoni, kila mtu anajitolea, na nyumba inaishi kwa akiba ya nguvu iliyoachwa. Ugumu huja baadaye, turubai likishateremshwa, majirani wakisharudi kwenye shughuli zao, inapopita wiki ya kumi na mtu anagundua kwamba hakuna anayejua ada ya mtoto hulipwa tarehe ngapi. Kwa Liverpool wiki ya kumi iliangukia baada ya Krismasi. Ilitoka sare 1–1 na West Bromwich Albion, kisha ikacheza mechi nne za ligi mfululizo bila kufunga hata bao moja. Ya nne kati ya hizo, tarehe 21 Januari 2021, Burnley waliishinda 1–0 Anfield. Hapo ukakatika mfululizo wa mechi 68 za ligi bila kushindwa nyumbani, ulioanza mwaka 2017.

Baada ya Burnley wakaja Brighton, Manchester City, Everton, Chelsea na Fulham, na wote wakaondoka Anfield na ushindi. Vipigo sita mfululizo vya ligi katika uwanja wa nyumbani ni jambo ambalo klabu hiyo haikuwahi kulipata tangu kuasisiwa. Everton hawakuwa wameshinda Anfield tangu mwaka 1999.

Kilichotokea katikati ni hadithi ya kuziba. Mwezi wa Julai 2020 klabu ilikuwa imemuuza beki Dejan Lovren kwa Zenit ya Urusi na haikumleta mwingine mahali pake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Van Dijk alipoumia, walibaki Gomez na Joel Matip. Gomez akaumia goti mwezi wa Novemba akiwa kambini na timu ya taifa ya England. Matip naye akaondolewa na jeraha mwishoni mwa Januari. Kocha Jürgen Klopp alimchukua Fabinho, kiungo mkabaji, akamrudisha nyuma kucheza beki wa kati. Haikutosha, akamrudisha pia nahodha Jordan Henderson, naye kiungo. Wote wawili walicheza kwa moyo, na mara nyingi walicheza vizuri. Tatizo halikuwa pale walipowekwa. Tatizo lilikuwa pale walipotolewa.

Kwani Fabinho alipokuwa beki, hapakuwa na Fabinho katikati. Mipira aliyokuwa akiinyang'anya kabla haijafika kwa mabeki sasa iliwafikia. Henderson alipokwenda kusimama nyuma, hapakuwa na mtu wa kuwasukuma wenzake mbele. Pengo moja lilizibwa kwa kufungua mawili, kama fundi anayekata pindo la kanzu ili kutia kiraka begani: bega linasitirika, na kanzu nzima inakuwa fupi. Hapo ndipo zilipopotelea nyingi kati ya zile bao 17. Mlinzi aliyeondoka hakwenda nazo mfukoni. Zilipotea njiani, katika kuhamishwa kwa watu kutoka kwenye kazi walizozijua.

Kuna mechi nyingine ambayo inafaa kuwekwa kando ya msimu huo, kwa kuwa inaonyesha upande wa pili wa jambo hili, yaani nani hulilia nani. Tarehe 4 Julai 2014, mjini Fortaleza, Brazil iliitoa Colombia katika robo fainali ya Kombe la Dunia ililoliandaa nyumbani. Ilipata hasara mbili siku hiyo. Neymar alivunjika mfupa wa uti wa mgongo. Na nahodha, beki wa kati Thiago Silva, alipata kadi ya njano kwa kumzuia kipa wa Colombia alipotaka kuupiga mpira. Ilikuwa kadi yake ya pili katika mashindano, hivyo asingecheza nusu fainali.

Taifa zima lilimlilia Neymar. Siku nne baadaye mjini Belo Horizonte, wakati wa wimbo wa taifa, wachezaji wa Brazil waliinua juu jezi yake kama watu wanaobeba picha ya marehemu. Jezi ya Thiago Silva haikuinuliwa na mtu. Na pengine hilo lilikuwa sahihi kwa mujibu wa macho, kwa kuwa macho humkumbuka aliyekuwa akiwafurahisha. Lakini aliyekosekana katika dakika zilizofuata hakuwa mfungaji. Ujerumani ilipata bao la kwanza dakika ya 11 kwa kona, Thomas Müller akiwa peke yake mbele ya lango bila wa kumkaba. Kisha kati ya dakika ya 23 na ya 29 yakaingia mengine manne: Miroslav Klose, Toni Kroos mara mbili, na Sami Khedira. Brazil haikuwahi kufungwa kwa kiasi hicho katika Kombe la Dunia. Matokeo ya mwisho yalikuwa 7–1.

Mabeki wa Brazil siku hiyo hawakuwa watu dhaifu. David Luiz, aliyevikwa kitambaa cha unahodha, alikuwa na sifa ulimwenguni, na Dante, aliyeingia mahali pa Silva, alikuwa akicheza Bayern München pamoja na baadhi ya Wajerumani hao hao. Kilichokosekana katika dakika zile sita hakikuwa ufundi. Alikosekana mtu wa kusema tusimame. Timu iliyofungwa bao la pili humhitaji mmoja wa kuuweka mpira chini ya kiatu, kuwarudisha wenzake mahali pao, na kuziacha dakika mbili zipite bila jambo lolote. David Luiz kwa tabia yake alikuwa mtu wa kupanda mbele, naye alipanda, akitafuta kwa moyo wake wote kuokoa jahazi, huku nyuma yake mlango ukiwa wazi. Nia njema ya mtu aliyevaa kitambaa cha mwingine ndiyo iliyoumiza zaidi.

Ingependeza hadithi iishie hapo, kwa fundisho kwamba nahodha angekuwepo yote yasingetokea. Lakini tarehe 12 Julai Brazil ilicheza na Uholanzi kugombea nafasi ya tatu, na Thiago Silva alirudi. Dakika ya tatu alimvuta Arjen Robben aliyekuwa akienda kufunga. Mwamuzi akatoa penalti, na Robin van Persie akafunga. Brazil ilishindwa 3–0. Yule aliyetazamiwa kuwa jibu alirudi akakuta swali si lile lile. Wenzake walikuwa wamekwisha kuvunjika, na safu aliyoijua haikuwapo tena. Aliyekosekana siku ya msiba hawezi kuuhudhuria kwa kufika siku nne baadaye.

Haya ndiyo yanayoufanya mchezo huu uwaguse watu wanaoishi mbali na kwao kuliko wanavyokiri. Msomaji aliyeko Muscat, London au Minneapolis ameondoka mahali fulani, na mara nyingi aliyeondoka hakuwa mtu wa pembeni. Aliyetumwa ng'ambo alikuwa yule aliyeonekana anaweza: kifungua mimba, mwenye elimu, mwenye kichwa kilichotulia. Kwa maneno mengine, familia nyingi zimemtoa kitasa wao zikampeleka mbele kuwa mshambuliaji. Na pesa zimekuja, kama mabao. Zimejenga, zimesomesha, zimelipa hospitali. Lakini nyuma, dada aliyekuwa akisoma chuo aliahirisha mwaka ili amwangalie mama, kisha akaahirisha wa pili. Mdogo wa kiume, ambaye kipaji chake kilikuwa biashara, aliwekwa kuwa msuluhishi wa mirathi, kazi isiyo yake. Kila mmoja alisogezwa kuziba, na kila aliposogezwa aliacha tundu. Aliyeko ng'ambo akiuliza kwa simu nyumbani kukoje, huambiwa salama. Na kweli ni salama. Timu ingali inacheza. Imesahau tu ilikuwa ikifunga mabao mangapi.

Mwaka ule wa 2021 jambo hili lilijionyesha ndani ya Liverpool yenyewe kwa namna ambayo haikuhusu mpira. Jürgen Klopp alifiwa na mama yake huko Ujerumani mwanzoni mwa mwaka, na kwa sababu ya masharti ya safari wakati wa Korona hakuweza kwenda kumzika. Mwezi wa Februari kipa Alisson Becker alifiwa na baba yake huko Brazil, naye pia hakuweza kwenda. Watu wawili wenye uwezo wa kukodi ndege walikaa mjini Liverpool na kuzikiwa wazazi wao na wengine. Maelfu ya Waswahili walioko ughaibuni walikuwa katika hali iyo hiyo mwaka huo, wakifuatilia maziko kwenye kioo cha simu kilichoshikwa na mkono unaotetemeka wa binamu, picha ikikatika kila mara wakati wa dua. Waliitambua sura ya kipa yule bila kufafanuliwa. Alikuwa akilinda lango la watu, na la kwao limeachwa wazi.

Msimu huo haukuishia katika vipigo. Mwezi wa Machi, baada ya kushindwa na Fulham, Klopp alifanya jambo lililoonekana dogo: alimrudisha Fabinho katika kiungo. Nafasi ya nyuma ikaachiwa mabeki halisi, hata kama walikuwa wa daraja la chini. Mmoja alikuwa Nathaniel Phillips, aliyekuwa na umri wa miaka 24, ambaye msimu uliotangulia alicheza kwa mkopo katika daraja la pili la Ujerumani na ambaye klabu ilikuwa tayari kumwachia. Mwingine alikuwa Rhys Williams, kijana wa miaka 20, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa kwa mkopo Kidderminster Harriers, katika daraja la sita la soka la England. Ozan Kabak alikuja kwa mkopo kutoka Schalke 04, akacheza hadi naye alipoumia. Hakuna kati yao aliyekuwa van Dijk, na hakuna aliyeombwa awe yeye. Phillips hakupiga pasi za mshazari. Alipiga mpira kichwa, akauondoa, akasubiri mwingine.

Liverpool ilicheza mechi kumi za mwisho za ligi bila kupoteza hata moja: ilishinda nane na kutoka sare mbili. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, wanasema Waswahili, na hapa methali ilisimama vizuri kuliko ile ya mwanzo. Lakini itazamwe ilivyosimama. Mhunzi hakulifanya nyundo kuwa koleo. Aliiacha nyundo ibaki nyundo, akatafuta koleo dogo, la bei nafuu, likashika chuma kadiri lilivyoweza. Nafasi ya mzoefu haikuzibwa kwa kuwahamisha mahodari wengine wote. Ilikabidhiwa wadogo ambao kazi hiyo ilikuwa yao, na wakubwa wakarudi kwenye zao. Mabao yakarudi.

Tarehe 16 Mei 2021, mechi ya tatu kutoka mwisho, Liverpool ilikuwa 1–1 ugenini kwa West Bromwich Albion, na matokeo hayo yangeiweka katika hatari ya kuikosa Ligi ya Mabingwa. Muda wa nyongeza ulikuwa ukiisha ilipopatikana kona. Alisson aliacha lango lake akakimbia uwanja mzima. Trent Alexander-Arnold akapiga kona, na kipa, mlinzi wa mwisho kabisa, akaupiga mpira kichwa ukaingia. Hakuna kipa wa Liverpool aliyewahi kufunga bao katika mechi ya mashindano kabla yake. Alipohojiwa baadaye alimkumbuka baba yake, na machozi yakamtoka. Siku tatu baadaye, ugenini kwa Burnley, Phillips naye alifunga kwa kichwa. Timu ikamaliza ya tatu.

Van Dijk alirudi katika ligi tarehe 14 Agosti 2021, Liverpool iliposhinda 3–0 nyumbani kwa Norwich. Msimu huo timu ilifungwa mabao 26 tu na kufunga 94, na ikakusanya alama 92. Kwa upande wa hesabu, pengo lilizibika lote. Alibahatika kwa jambo ambalo Thiago Silva hakulipata mwaka 2014: alirudi akakuta watu wako mahali pao. Fabinho alikuwa kiungo, Henderson alikuwa kiungo, na kiti alichokiacha nyuma kilikuwa kimekaliwa na vijana waliojua kwamba wamekishika kwa niaba.

Pengine hilo ndilo ambalo aliye mbali anaweza kuwaombea walioko nyumbani, na kuwasaidia walifanye. Kutamani kwamba asingeondoka hakufai kitu, kwa kuwa ameshaondoka na sababu zake zilikuwa za kweli. Kudai kwamba kiti chake kibaki kitupu mpaka arudi ni choyo. Kubwa ni kwamba dada arudi chuoni, na mdogo arudi dukani. Kazi ya kumwangalia mama ipewe mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake, alipwe, aheshimiwe, na aitwe kwa jina lake badala ya kuitwa beki tatu. Na mwenye kitambaa cha unahodha, ambaye sasa hukivaa kwa simu Jumapili jioni, asikilize kwanza kabla hajapanga timu. Wao ndio wanaouona uwanja.